Chipu Isiyojibu

Katika karakana moja ya kompyuta palikuwa na mwandishi wa programu ambaye wenzake walimbandika jina la Kufuli. Kazi yake ilikuwa kuandika draiva, ile programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuzungumza na chipu ya usalama, kijidude kinachotunza ufunguo wa mafaili. Kazi aliijua, hilo tusimnyime. Ila majivuno nayo, mh, yalimjaa pomoni!

Basi ikaja chipu mpya, ikamtoa kijasho chembamba. Kila ilipopelekewa ufunguo haikujibu, na draiva ikaripoti hitilafu. Kufuli alihangaika nayo wee, wapi! Mjaribu, mwanamke aliyekagua programu zote kabla hazijatoka, akamwambia, "Kama imekukwamia sema, bwana. Tuitazame pamoja."

"Inikwamie mimi? Thubutu!" Kufuli akacheka. Mjaribu alipompa kisogo, akaandika mstari mmoja: chipu isipojibu, draiva iseme imejibu. Hitilafu zikatoweka. Moyoni alijua kwamba ugonjwa uko palepale, lakini aliona haya kuuliza.

Kompyuta zenye chipu hiyo zikanunuliwa na hospitali alikofanya kazi dada yake Kufuli, muuguzi mkuu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada ndiye aliyewashawishi wakubwa wake. "Fundi wake ni mdogo wangu, tumbo moja," alijigamba. Akahamishia humo taarifa za wagonjwa wote, na makaratasi yakateketezwa. Kompyuta zilikesha zikiwaka bila shida, hadi umeme ulipokatika na kurudi, kila moja ikaiomba chipu yake ufunguo. Chipu hazikuwa nao, kwani hazikuwahi kuupokea. Taarifa zote zikafungika, zisifunguke tena.

Kikao kikaitishwa hospitalini, Kufuli na Mjaribu wakaitwa. Dada aliketi, macho yamemvimba kwa kulia.

"Chipu zenyewe mbovu, mheshimiwa," Kufuli akamwambia mkurugenzi.

Mjaribu hakubishana naye. Alifungua kompyuta moja, akaing'oa chipu, akaiweka mezani, kisha akaiwasha kompyuta. Maandishi yakatokea mbele ya macho ya wote: "Chipu imepokea ufunguo. Kila kitu kiko salama."

Masikio ya Kufuli yaliwaka moto, akatamani ardhi ipasuke immeze. "Dada, mimi... niliona haya kuuliza."

"Koma!" dada akasema, sauti ikimkatika. "Wodini kuna mama anaugua saratani, hatujui tena amepewa dawa ipi wala kiasi gani. Nikamwambie nini, mdogo wangu? Kwamba uliona haya kuuliza?"

Kufuli aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka. Aibu aliyoikwepa mbele ya mtu mmoja ilikuwa imemkuta mbele ya umati, tena imempaka matope dada yake asiye na hatia. Ama kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.