Kasanda Aliyefukia Handaki Lake

Sogeeni, watu wa Ibungila, niwape jina mnalokula kwalo. Zama za kale, bonde hili likiwa chini ya Mtemi Lugalila, alizaliwa Kasanda wa Mihayo wa Lubeho, Mabega ya Mlima, mwanamume aliyelima tangu alfajiri hadi jua kuzama bila kunyoosha mgongo.

Kila mtama ulipoanza kukomaa, tembo walishuka kwenda mtoni wakala jasho la mwaka mzima, wala hakuna aliyethubutu kurusha mkuki, kwa maana tembo wote walikuwa mali ya Mtemi Lugalila, na aliyemwaga damu yao alifukuzwa nchini. Ndipo Kasanda akachimba handaki kuzunguka mashamba ya watu wake, peke yake, miezi mitatu. Tembo wakalikwepa, wakaenda kumaliza mashamba ya majirani, na watoto wa huko wakafa njaa.

Kasanda aliposikia hayo hakutulia. Alizunguka huku na huko siku saba, siku ya nane akaanza kulifukia handaki lake mwenyewe, mkewe Nshoma akimlilia, "Baba Kulwa, na wetu watakula nini?" Kasanda akamalizia kufukia. Akaenda moja kwa moja ikulu kwa Mtemi.

"Mtemi, pembe za tembo ni zako, hatubishi. Basi na njaa wanayotuletea ni yako. Njoo tuibebe wote."

Baraza zima likaguna. Mtemi akatamka: "Askari wangu watachimba nanyi, na watalinda nanyi. Lakini tembo wangu hawatakufa kiu. Waachieni njia ya mtoni."

Njia hiyo ilikata katikati ya shamba la Kasanda. Alikubali, na ilimuuma sana.

Handaki jipya likazunguka vijiji vyote. Askari walilinda upande mmoja wa njia, wanakijiji upande wa pili, na kwa miaka minne nchi ilishiba. Mwaka wa tano, siku ya kuonja mtama mpya, mashamba yakiwa bado hayajavunwa, wote waliketi karamuni. Askari walidhani wanakijiji wako zamu. Wanakijiji walidhani ni askari. Msinikodolee macho, aibu hiyo ni yetu sote! Kasanda peke yake ndiye aliyekuwa akiilinda ile njia ya tembo.

Vishindo viliposikika, watu walikimbia huku wamebeba vyakula mikononi. Walikuta mtama wote umesimama, hata suke moja halikuvunjika. Nyayo za Kasanda zilitangulia mbele ya nyayo za tembo hadi ukingo wa mto, zikaishia hapo. Hakuonekana tena.

Tangu siku hiyo, mtama ukianza kukomaa, mtu wa Ibungila haketi kula, wala askari wa Mtemi haketi. Tunakula tumesimama, macho njiani, mpaka suke la mwisho liingie ghalani. Wageni hutucheka. Waacheni wacheke.