Aliyejibu Kwanza

Wewe uliyekaa hapo, mara ya mwisho kusema "sijui" mbele za watu ilikuwa lini? Usinitajie ya shule ya msingi. Nauliza tangu upate cheo, tangu watu waanze kukuamkia wewe kwanza.

Mtu mmoja alikuwa na chuo kule Mbinga, na watu walimwita Mkuu Kapinga. Chuoni hapo palikuwa na chumba cha kompyuta, na kompyuta zile hazikuwa na diski. Kwa asiyezijua mashine hizi: diski ndiyo inayotunza kila kitu ambacho kompyuta inakijua, hata namna ya kuamka. Ukiing'oa, kinachobaki ni kichwa kitupu chenye kioo. Mkuu alizinunua hivyo kwa sababu zilikuwa za bei nafuu, ingawa siku ya mahafali alitangaza kwamba ni teknolojia ya kisasa. Yote mawili yalikuwa kweli, jambo ambalo kwenye mahafali hutokea mara chache.

Sasa sikieni zilivyokuwa zikiamka, maana hapo ndipo ninapozivulia kofia. Mashine ikiwashwa asubuhi haina jina. Haikumbuki kwamba jana ilikuwepo, wala kwamba jana ilifanya kazi nzuri ikasifiwa. Inapaza sauti kwenye waya: mimi ni nani, na chakula changu kiko wapi? Haitafuti pembeni mtu wa kumnong'oneza. Inawauliza wote waliounganishwa, kwa pamoja, bila haya. Na katika chumba cha nyuma kulikuwa na mashine moja kubwa, seva, ambayo kazi yake ilikuwa kujibu: jina lako hili, na mkate wako uko kwangu, njoo uchukue. Inachukua, inakula, inaamka. Jioni ikizimwa inasahau yote, na kesho inauliza upya. Sijawahi kuisikia ikisema, mimi nilishaambiwa.

Aliyeitunza seva ile alikuwa Ditrida Nchimbi, mwanamke wa maneno machache, aliyeisomea kazi yake na hakuona haja ya kuitangaza. Waliokuja kujifunza walikuwa watu wazima. Mama Kandida, kwa mfano, alikuwa amemwachia binti yake genge la nyanya ili yeye apate cheti, aajiriwe ofisini kabla magoti hayajamkatalia kabisa kusimama sokoni. Kwa watu kama hao chumba kile hakikuwa pambo la mahafali.

Basi mashine zikaanza kuamka nusu. Leo hizi zinakubali, zile zinaganda na kioo cheusi. Kesho zile zinakubali, hizi zinaganda. Ditrida akabadilisha nyaya, akaifungua seva, akaipangusa, akaifunga. Hakuna kilichobadilika. Lakini Mkuu akisafiri kwenda Songea, chumba kizima kinaamka bila tatizo. Mama Kandida, ambaye soko lilikuwa limemfundisha kutomwogopa mtu, akamwambia Mkuu mlangoni kwamba mashine zake zina adabu kupita watumishi, zikimwona tu zinanyamaza. Watu wakacheka. Mkuu naye akacheka, na nasikia akaiweka tai yake sawa.

Kila alipoulizwa tatizo ni nini, Ditrida alijibu kwamba hajui bado, anatafuta. Jibu hilo lilimuudhi sana Mkuu Kapinga. Yeye katika miaka yote ya kuongoza chuo hakuwahi kulitamka neno hilo. Akiulizwa jambo geni, alitikisa kichwa polepole na kusema litaundiwa kamati. Akasema chuo hakiwezi kumlipa mtu mshahara kwa kutojua. Akatangaza kwamba Ijumaa watakutana wote chumbani, na mashine zisipoamka mbele ya macho yao, chumba kitafungwa, vyuma vitauzwa kwa wa chakavu, na Ditrida ataondoka navyo.

Ijumaa ikafika. Wakajaa chumbani, wanafunzi na walimu, na Mkuu akapewa kiti mbele. Mashine zikawashwa. Nusu zikaamka, nusu zikaganda. Mama Kandida alikuwa mbele ya iliyoganda, mikono mapajani, na safari hii hakuwa na utani.

Ditrida hakujitetea. Alieleza tu alichokuwa amekiona asubuhi ile. Mashine zilizoganda hazikuwa zimekosa jina. Zilikuwa nalo, ila ni jina la ukoo mwingine, ambalo seva yake haijawahi kumpa yeyote. Maana yake chuoni mna kitu kingine kinachozijibu, na mara nyingine kinajibu upesi kuliko seva. Na mashine hizi, pamoja na uzuri wake wote, zina udhaifu mmoja, nao ndio wetu: humwamini aliyejibu kwanza. Huyo aliyejibu anazipa jina, lakini mkate hana. Kwa hiyo zinabaki zimekaa na jina lao, zikisubiri kula mahali ambapo hapajawahi kupikwa.

Kisha akasema, "Ni nani huyo, sijui. Nauliza kama zinavyouliza zenyewe, wote kwa pamoja: ni nani anayezijibu?"

Watu wakatazamana. Mkuu Kapinga alitazama sakafu. Ofisini kwake, nyuma ya pazia, palikuwa na kijisanduku cha kugawa intaneti ambacho shemeji yake alimletea kutoka Dar, chenye antena mbili na taa za kijani. Shemeji alimwambia achomeke tu. Yeye akauchukua waya wake, akauchomeka kwenye tundu la kwanza aliloliona ukutani, lililoungana na waya wa chumba cha kompyuta, na kwa kuwa taa ziliwaka, akahesabu kwamba amefaulu. Visanduku vya aina hiyo navyo hugawa majina kwa kila mashine inayouliza. Kila alipotoka alikizima, maana alikuwa mtu wa kubana umeme. Aliporudi aliwasha. Hakuwa amewahi kukiunganisha kijisanduku hicho na kuganda kwa mashine mpaka Ditrida alipouliza.

Angalieni sasa alivyokuwa amekaa pazuri. Hakuna aliyekijua kijisanduku kile. Angeweza kuinuka, akasema kikao kimekwisha, akaenda kukichomoa na kukifungia kabatini. Jumatatu mashine zote zingeamka. Ditrida angekuwa ameshaondoka na lawama, na watu wangesema, mmeona, tatizo lilikuwa yule mama. Nawajua watu waliopanda vyeo kwa njia hiyo hiyo, na baadhi yao huwa nawapa mkono.

Mkuu akazitazama mashine zilizoganda, kila moja na jina lake lisilo na mkate. Halafu akainuka, na mtu yule ambaye sijawahi kumsifu popote, leo namsifu mbele yenu. Hakuunda kamati.

"Ni mimi," akasema. "Kuna kijisanduku ofisini kwangu, nimekichomeka mwenyewe ukutani. Sikujua kinafanya nini, dada Ditrida, na niliona aibu kukuuliza."