Kamati ya Vihenge vya Fisi

Paukwa?
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Palikuwa na benki.
Benki ya nani?
Ya Fisi.
Haya, kaeni tusikilize.

Benki ya Fisi ilitunza njugu. Mavuno yakiisha, wanyama walizimwaga kwenye vihenge virefu. Mvua zikikaribia, walizichukua wakapande. Fisi ndiye aliyekuwa meneja, na Fisi ana njaa siku zote.

Alikuwa na kamati ya ukaguzi, maana benki isiyo na kamati haina heshima. Mbuni, mwenyekiti, alikuwa shemeji yake. Ngiri alikuwa shemeji wa shemeji yake. Walikagua hivi: Mbuni alipanda ngazi, akaonja za juu, akasema, "Safi." Ngiri alipanda ngazi, akaonja za juu, akasema, "Safi." Ngoma ikalia, ndu, ndu, ndu, na wateja wakaleta njugu zaidi.

Siku moja wateja walidai mjumbe wao kwenye kamati. Fisi akamchagua Digidigi, kwa sababu hata akipanda ngazi haoni ndani. Digidigi alikuwa na watoto, na mbegu zake zote zilikuwa humo.

Siku ya ukaguzi ikafika. Mbuni akapanda. "Safi." Ngiri akapanda. "Safi." Digidigi akabaki chini, pale mchwa walipotoboa kihenge. Chururu, chururu. Mchanga ukamwagikia kwato zake. Kumbe njugu zilikuwa za juu tu. Nyingine Fisi alikwisha kuzihamishia pangoni kwake.

Digidigi aliogopa sana. Akawaza, nikipiga kelele hapa, wateja watagombania mchanga, na wanangu hawatapanda kitu.

"Dada Digidigi, unasemaje?" Fisi akauliza.

"Safi, Bwana Meneja. Hata Tembo wa ng'ambo amesikia sifa za kamati yetu. Kesho kutwa analeta mavuno yake yote."

Mate yakamdondoka Fisi, do, do, do. "Yote?"

"Yote. Ila ana tabia moja. Hutia mkonga hadi chini kabisa. Akigusa njugu, analeta. Akigusa kitu kingine, anauliza."

Kesho yake Fisi alishinda akibeba. Akaenda pangoni, akarudi na gunia. Akaenda pangoni, akarudi na gunia. Akatoa mchanga, akajaza njugu hadi chini. Wapita njia walipouliza, aliwaambia ni ukarabati.

Digidigi naye alipita nyumba hadi nyumba. "Kesho asubuhi kachukueni mbegu zenu," alisema, na hakuongeza neno.

Asubuhi Fisi alivaa tai, akasimama mlangoni kumngoja Tembo. Wakaja wateja wote, kila mmoja na gunia lake, Digidigi mbele. Kamati nzima ikitazama, Fisi angesema nini? Walichukua njugu zao, zikaisha.

"Na Tembo?" akauliza Fisi.

"Tembo hana habari nasi, Bwana Meneja," akajibu Digidigi. "Hajawahi hata kusikia habari za benki yetu."

Mbuni akapanda ngazi, akatazama kihenge kitupu, akasema, "Safi." Ngoma ikalia, ndu, ndu, ndu.

Fundisho ni hili: kamati ya ukaguzi huipandishia benki thamani. Muwe tu waangalifu, msiweke ndani yake mtu mfupi.

Hadithi yangu imefika chini ya kihenge. Ikiwa njema, gawaneni. Ikiwa mbaya, ipelekeni kwa Mbuni.