Pimbi Aliyenunua Kivuli cha Wingu

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa bado wanawasha moto na kuteleka vyungu, ilisikika sauti usiku wa manane ndani ya nyumba ya mawe ya Pimbi. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Pimbi akaruka kitandani, moyo du! du! du! Mwizi? Nyoka? Akapapasa gizani mpaka jikoni. Kumbe ni mwanawe, Tindi, anakwangua chungu kitupu kwa ukucha.

"Mama, nilidhani ukoko umebaki."

"Haujabaki, mwanangu. Lala. Kesho mama ataleta."

Ataleta nini? Hata yeye hakujua. Karanga zao zote, vibaba kumi, akiba ya kiangazi kizima, alikuwa amempelekea Fisi kwa mikono yake mwenyewe, naye Fisi akampa kivuli. Ndiyo, kivuli! Sikilizeni mjue ilivyokuwa.

Fisi alikuwa na uwanja mpana, na kando ya uwanja ghala kubwa, na mlangoni mwa ghala alisimama Nyati, mlinzi, pembe hizo ukiziona unasalimia mara mbili. Kila asubuhi Fisi alipanda juu ya kichuguu na kunadi:

"Vivuli! Vivuli! Weka karanga, ondoka na kivuli! Kibaba kimoja kwa hatua moja, kununua na kulipwa! Karanga zinaliwa na panya, kivuli nani atakiiba?"

Na wale wa kwanza walilipwa kweli. Sungura alipeleka kibaba akarudishiwa viwili, akapita njia nzima akiwatingishia watu mfuko. Hapo nani angekaa nyumbani?

Kanga, jirani yake Pimbi, alikuja mbio, manyoya yanamdondoka. "Shoga, utabaki peke yako! Mwenzio nimeshanunua kivuli cha mgunga!"

Pimbi naye akanunua kivuli cha jiwe refu. Hatua kumi, vibaba kumi.

Jioni akaenda kukitazama. Lo! Hatua ishirini!

"Kimepanda, mama, kimepanda!" Fisi akamshangilia.

"Basi nipe karanga zangu, Bwana Fisi, mtoto hajala, nami…"

"Aa-aa! Jioni ghala limefungwa. Malipo ni saa sita mchana, jua likiwa utosini. Ndiyo sheria."

Saa sita Pimbi akafika anahema. Kivuli kimejikunja chini ya jiwe, hata unyayo mmoja hakitimii.

"Pole sana, kimeshuka," Fisi alisema. "Ukiuza sasa utapata hasara. Vumilia, kitapanda."

Na kweli jioni kilipanda. Saa sita kikashuka. Keshoye vilevile. Wengine walisema wana mkosi. Wengine, masikini, wakaongeza karanga.

Sasa, asubuhi ile baada ya chungu kukwanguliwa, Pimbi alijilaza juu ya mwamba kuota jua, kama pimbi wote wafanyavyo kila siku ya Mungu. Akawa anatazama kivuli cha masikio yake. Kirefu. Kikafupika. Kikafupika tena. Saa sita, hakipo!

"Mungu wangu! Maisha yangu yote naota jua hapa hapa, na sikuona! Anatuuzia kikiwa kirefu, anatulipa kikiwa kifupi, halafu sisi tunasema mkosi!"

Hasira zikampanda, hofu ikazishusha. Amwendee Fisi? Fisi ana meno. Nyati ana pembe. Yeye ana nini? Akapekua nyumba nzima, akafunua mkeka, akapata karanga moja. Moja tu! Haya, hiyo hiyo.

Kesho yake asubuhi na mapema akasimama mbele ya kichuguu. "Bwana Fisi, nataka kivuli cha wingu."

Fisi akatazama juu. Mbingu tupu, kiangazi kikali, hakuna wingu hata la ukubwa wa kofia. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kiko wapi hicho kivuli?"

"Bado hakipo. Ndiyo maana natoa karanga moja tu."

"Njaa imempanda kichwani huyu! Usije ukanililia baadaye."

"Sikulilii. Ila sema mbele ya watu wote, kivuli cha wingu ni changu, na nitalipwa kibaba kwa hatua, saa sita."

"Nasema! Nyati, umesikia?"

"Nimesikia," Nyati aliitika kwa sauti nzito.

Fisi akaitupa karanga mdomoni. Kacha!

Siku nne Tindi alikula majani na kulala akinung'unika, na siku nne mama yake hakuondoa macho vilimani. Siku ya tano, karibu na saa sita, likachomoza. Jeusi, pana, linakuja polepole.

Pimbi akamtia mtoto mgongoni, akashuka mwamba puru! puru! "Wingu langu! Jamani, wingu langu! Kaka Nyati, njoo unipimie!"

Kufumba na kufumbua, uwanja mzima ukawa kivuli.

"Hilo si lile!" Fisi akafoka.

"Lile lipi? Uliniuzia lipi, Bwana Fisi? Ulinionyesha kwa kidole?"

Wanyama wakapasuka kwa kicheko. "Pima! Pima!"

Nyati akaanza kutembea. Di! Di! Di! "Moja… kumi… mia…" Kila akikaribia ukingo, kivuli nacho kimesogea mbele. "Mia mbili na saba! Bado kinaendelea!"

"Basi, basi!" Fisi akalia. "Ghala lote halifiki hapo!"

"Basi fungua tulione hilo ghala lote," alisema Pimbi.

Fisi akarudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, kisha mguu niponye! Hakuonekana tena. Nyati akasukuma mlango kwa pembe. Gubu! Nusu ya ghala ilikuwa maganda matupu. Nusu ndiyo karanga.

"Zote zako, Mama Tindi," Kanga alisema huku machozi yanamlengalenga. "Sheria aliitamka mwenyewe."

Pimbi akawatazama. Kila mmoja ana wa kulisha. "Mimi niliweka kumi. Kila mtu achukue nusu ya alichoweka, twende nyumbani."

Akapimiwa vitano. Vitano! Akavikumbatia kama mtoto mchanga. "Ahsante Mungu. Ahsanteni, jamani, ahsanteni." Na wenzake wakamshukuru yeye, mmoja mmoja, na uwanja ule ukaota majani kwa kukosa wa kuukanyaga.

Ndiyo maana, wanangu, chakula cha watoto hakiwekwi mahali ambapo anayekuuzia ndiye anayechagua saa ya kukulipa.

Jioni ile Nyati alimbebea Pimbi mzigo mpaka mlangoni. Akautua. Hakuondoka.

"Mama Tindi, ahsante. Umeniokoa na mimi. Mshahara wangu wote ulikuwa mle ndani. Nilinunua kivuli."

"Wewe, Kaka Nyati? Kivuli cha nini?"

Nyati akatazama kwato zake. "Changu mwenyewe."

Pimbi akauma mdomo, akameza kicheko, akammiminia karanga kiganja kizima.

"Usimwambie mtu," Nyati alinong'ona. "Hata mke wangu hajui."

"Simwambii mtu yeyote, kaka yangu. Nakuahidi."