Sweta la Sekela

Mtu mmoja alikuwa na mdogo wake aitwaye Lugano. Alipoitwa kwenda kazi ya mbali, alimwachia mdogo wake binti yake Sekela, mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye mama yake alikuwa amefariki. Aliacha pia ghala la mahindi na maharage, na ng'ombe mwenye maziwa. Agizo lilikuwa moja: mtoto ale.

Nyumba ya Lugano ilikuwa juu kwenye mashamba ya chai, na kila mwezi alimpeleka Sekela kliniki kupimwa uzito. Kadi ya mtoto ilikuwa na rangi tatu: kijani kwa aliye mzima, kijivu kwa anayepungua, nyekundu kwa aliye hatarini. Kata ile ilikuwa na desturi yake. Nyumba ambayo kadi ya mtoto imekaa kwenye kijani mwaka mzima ilipewa kitambaa cha kijani, kikatundikwa mlangoni. Lugano alikipata. Tangu siku hiyo wageni hawakukatika. Walitoka vijiji vya jirani kuja kuona nyumba ya mfano, na mgeni hawezi kukaa bila chai. Chai ilitiwa maziwa ya Sekela. Maharage ya Sekela yakaliwa na waliokuja kusifu afya yake.

Mwezi mmoja mstari wa uzito kwenye kadi ukashuka. Muuguzi aliuliza mbele ya foleni nzima, "Baba, huyu anakula nini kwako?"

Akina mama wakaangua kicheko. "Shemeji, kakishushe mwenyewe kile kijitambaa," mmoja akasema. "Usingoje waje na ngazi!"

Lugano alirudi nyumbani masikio yakimwaka. Njia nzima aliwaza mlango wake bila kitambaa. Chungu cha mtoto hakukiwaza hata mara moja.

Kliniki ilitaka mtoto avuliwe nguo kabla ya kupandishwa kwenye mzani. Lakini asubuhi za kule ni za baridi, foleni ni ndefu, na watu walikuwa wamezoea kupima watoto na masweta yao. Mke wa Lugano akachukua sweta la Sekela, akafumua pindo, akashona kokoto tatu ndani.

"Ni mwezi huu tu, baba," alimwambia mumewe. "Wageni wakipungua, tutamrudishia maziwa yake."

Wageni hawakupungua. Mstari ulipanda, wakaongezeka. Mwezi uliofuata kokoto zilikuwa tano, kisha tisa, kwa sababu kadiri mtoto alivyozidi kuwa mwepesi ndivyo sweta lilivyotakiwa kuwa zito. Siku moja muuguzi alishika pindo lile, akalibonyeza kwa vidole. Akamtazama Lugano. Kisha akaandika uzito, akaita mwingine. Naye alikuwa na taarifa ya kupeleka kwa wakubwa wake.

Ikafika wakati Sekela hakuweza tena kutembea na sweta lile. Akawa anakaa barazani kutwa, ameegemea ukuta. Wageni wakamsifu: mtoto mtulivu, hasumbui, amelelewa. Lugano aliwaitikia. Ajabu ni kwamba aliamini. Alikuwa ameitazama kadi muda mrefu kiasi kwamba alipomtazama mtoto aliiona kadi.

Kaka yake alirudi mchana mmoja bila taarifa, akakuta wageni barazani na vikombe vimejaa. Lugano aliruka kwa furaha. Hata maji ya kunawa hakumpa. Alikimbia ndani akaleta kadi, akaifungua kwa mikono miwili.

"Kaka, tazama mstari! Haujawahi kupanda hivi."

Kaka yake hakuitazama. Alikwenda pale ukutani alipokaa Sekela, akainama, akafungua vifungo vya sweta kimoja kimoja. Sweta lilipoanguka sakafuni lilitoa kishindo. Alimnyanyua Sekela. Mkono mmoja ulitosha. Lugano aliona mbavu za mtoto, akaona kama anaziona kwa mara ya kwanza, na ilikuwa kweli.

"Nilikuachia mtoto, Lugano," kaka yake akasema. "Mbona unanikabidhi karatasi?"

Lugano alifungua mdomo. Neno lililomjia lilikuwa kwamba kadi bado ni ya kijani. Alilimeza.

Baba yule alichukua maziwa kwenye sinia la wageni, akamnywesha mtoto kwa kijiko. Kijiko cha kwanza kikamwagika kidevuni. Cha pili vilevile. Akanyoosha mkono, akang'oa kitambaa cha kijani mlangoni, akampangusa mdomo. Kijiko cha tatu Sekela alimeza. Hapo baba akawageukia wageni, akawatoa wote barazani, na Lugano akawafuata nyuma, kadi mkononi, bila kujua aipeleke wapi.

Wazee wa kanisa, hadithi yangu imeishia hapo, na taarifa ya mwaka ya usharika wetu iko mezani hapa, inasubiri sahihi zenu. Mistari yote imepanda. Waliobatizwa wameongezeka, kwaya zimekuwa nne, na wageni wa dayosisi wametusifu hadi tukawachinjia. Mjane wa nyuma ya kanisa hajatembelewa tangu Pasaka. Vijana tuliowapa kipaimara mwaka jana hawajui kuomba bila kipaza sauti. Wawili katika baraza hili hawasalimiani, na leo watagawa meza ya Bwana pamoja. Hayo hayamo kwenye taarifa. Kalamu hii hapa. Lakini kabla hamjaishika, mniambie: ni nani kati yenu, mwaka huu, amemvua mtoto hata mmoja sweta akamnyanyua kwa mikono yake?