Bi Nyamizi na Chaneli ya Mieleka

Mlekwa aliifunga chaneli ya mieleka kwa namba ya siri, maana mama yake, Bi Nyamizi, kila alipoitazama alirusha ngumi na mito, na wajukuu wakamwiga.

Siku ya fainali, asubuhi, mama akamwambia, "Umefanya vyema kufunga, baba. Ila watoto wameshaijua namba. Eti ni mwaka aliozaliwa mkeo."

Mlekwa alicheka. "Wanabahatisha tu. Nimeweka mwaka uliozaliwa wewe, Mama. Nani humu ndani anaujua?"

"Hata mimi siujui," alisema Bi Nyamizi, na hilo lilikuwa kweli.

Mlekwa akaenda kazini ametulia. Mama yake akavaa miwani, akatoa kitambulisho chake mkobani, akausoma mwaka taratibu, kisha akawaita wajukuu waje kutazama fainali.