Aliyeuza Hisa kwa Wakati Mwafaka

Leo yule mkulima wa mahubiri yetu ya kila Jumapili apumzike. Nataka kuwaeleza habari za bwana mmoja msomi, tena msomi hasa, anayesoma kurasa za biashara kabla hajanawa uso.

Mama yake alichuma chai miaka thelathini na moja. Kila mwezi alikatwa kidogo kwenye mshahara, akapewa hisa za kampuni. Alipostaafu aliachiwa chumba chake kwenye nyumba za kambi ya wafanyakazi, na zile hisa akamkabidhi mwanawe. "Wewe umesoma. Nitunzie."

Mwaka mmoja soko la hisa likaanza kuteremka. Wenzake wakakurupuka kuuza. Yeye akatulia. Akangoja mpaka wiki ambayo hata dalali wake alikuwa akipokea simu kwa sauti ya msibani, ndipo akauza zote. Kwa sehemu ndogo ya fedha hizo akanunua kitu kingine: haki ya kununua hisa za kampuni ileile, mara tano ya zile alizouza, kwa bei ya wiki ile, wakati wowote ndani ya miaka miwili. Bei ikizidi kushuka, amepoteza ada ya haki tu. Ikipanda, ananunua kwa bei ya chini. Akili, sivyo? Msinitikisie vichwa kwa unafiki. Nimepiga hesabu mwenyewe, ni akili.

Akaenda kumweleza mama.

"Kwa hiyo mwanangu, kampuni bado ni yetu?"

"Ni yetu, Mama. Ila sasa ni yetu kwa namna nyingine."

"Namna nyingine! Mke akiwa wako kwa namna nyingine, huyo si wa jirani?"

"Mama, haya mambo ni ya kitaalamu."

Miezi mitatu baadaye kampuni ikaitisha mkutano wa wanahisa. Ajenda moja tu: nyumba za kambi zibomolewe, ardhi iuzwe. Bwana akavaa suti, akaenda kupiga kura ya hapana. Mlangoni karani akapekua orodha.

"Jina lako halimo, kaka."

"Angalia vizuri. Hati ninayo hapa."

Karani akaisoma yote, mpaka maandishi madogo. "Hii inasema unaweza kununua. Haisemi umenunua."

"Basi nanunua sasa hivi!"

"Nunua. Orodha ya wapiga kura ilifungwa Ijumaa."

Akasimama nje, karibu na dirisha, akisikiliza matokeo yakisomwa. Wastaafu walishindwa kwa kura chache kuliko hisa alizouza yeye. Na aliyezinunua? Alikuwa ndani, upande wa wabomoaji.

Najua mnangoja niseme alifilisika. Pole zenu. Soko liliposikia ardhi inauzwa, bei ya hisa ikaruka, na hati yake ikawa na thamani ambayo hakuwahi kuiota. Alikuwa sahihi siku ya kuuza. Alikuwa sahihi siku ya kununua. Na mama yake alikuwa uani, akifunga godoro kwa kamba.

Sasa sisi. Tangu usharika huu uingie kwenye mgogoro, ni wangapi tumejitoa kimyakimya? Hatujahama, la hasha! Tunasema, "Mambo yakitulia tutarudi." Tunajiita wenye busara. Nchi ikiyumba tunasema hivyohivyo, ndoa ikiyumba hivyohivyo: nusu ya mguu ndani, na karatasi mfukoni ya kuingia bei ikiwa nzuri. Nani kati yetu ataamua lolote akiwa na karatasi hiyo? Yesu hakujiwekea haki ya kutupenda baadaye. Alitutwaa tulipokuwa chini kabisa, akalipa yote, bila kuuliza kama tutapanda.

Jumamosi saa tatu asubuhi usharika unaamua kama zahanati yetu ifungwe. Nimeshauriwa, kwa upole mwingi, nisiliguse jambo hilo mimbarani. Nimeligusa. Wanaotaka kunishtaki wajue ofisi ya askofu itafunguliwa kesho saa mbili. Jumamosi nitakuwa kwenye kiti cha mbele, na kura yangu ni moja tu. Huenda tukashindwa, nimehesabu hilo pia. Lakini nikishindwa, nitashindwa nikiwa ndani.